Vivimbe vya ngozi kwa mbwa wazee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya ni ya mwenye mbwa wa umri mkubwa, awe German Shepherd wa ulinzi Njiro, mbwa wa kienyeji Ngaramtoni au kambwa ka ndani Shanty Town. Vipimo vya dawa vimewekwa ili uelewe anachofanya daktari na uweze kumuuliza. Dawa za sindano zenyewe atoe daktari wa mifugo aliyesajiliwa.

Mbwa anahesabiwa mzee kuanzia umri gani, na nimkague vipi?

Wenye mwili mkubwa kama German Shepherd, Rottweiler na Boerboel huanza uzee wakiwa na miaka 6 au 7. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 mhesabie miaka 8, na wale wadogo wa ndani 9 au 10. Kuanzia hapo mpapase mwili mzima mara moja kwa mwezi. Siku ya kumwogesha inafaa zaidi, maana manyoya yakilowa vivimbe hujitokeza. Anza na midomo na fizi, shuka chini ya taya, kifua, kwapa, matiti yote (dume pia anayo), mapaja kwa ndani, kisha inua mkia utazame kuzunguka tundu la haja kubwa. Malizia na vidole, kimoja kimoja, hadi kwenye shina la kila kucha. Vidole ndivyo vinavyosahauliwa kuliko yote.

Ukikuta kitu, andika tarehe na mahali kilipo, pima upana kwa rula, piga picha rula ikiwa pembeni. Kumwambia daktari kilikuwa kama punje ya mahindi na sasa ni kama parachichi hakumsaidii sana. Parachichi la Kibosho na la sokoni Kilombero hayalingani.

Nimeona kivimbe. Nisubiri hadi lini?

Kikifika sentimita 1, au kikikaa mwezi mzima bila kuondoka, kichomwe sindano ya uchunguzi. Usiusubiri huo mwezi kama kinakua wiki hadi wiki, kimepasuka, kinawasha na kuwa chekundu, kinavimba leo na kunywea kesho, au kimeng'ang'ania nyama ya chini kiasi kwamba ukikisukuma hakisogei. Vya kidoleni, mdomoni na kwenye titi havisubiri hata kama ni vidogo.

Daktari akisema "tuangalie kwanza", muulize mtaangalia nini na lini mtarudi. Kuangalia bila rula wala tarehe ni kusahau tu.

Je, kuna vivimbe ambavyo si uvimbe wa kweli?

Vingi. Jipu lina joto, linauma na hutokea kwa siku mbili tatu, mara nyingi baada ya kung'atwa. Kivimbe chenye tundu dogo katikati linalopumua au kutoa majimaji ni funza wa yule inzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa. Paka mafuta ya mgando tundu lizibe, subiri dakika 20 hadi 30, kisha kamua taratibu atoke mzima. Akikatikia ndani, patatunga usaha. Kivimbe cha maji kwenye kiwiko cha mbwa mkubwa anayelala kwenye saruji ni msuguano, na tiba yake ni godoro. Kukitoboa ni kuingiza wadudu. Kivimbe kinachokuja mahali alipochomwa chanjo kwa kawaida hunywea ndani ya wiki chache.

Vitu viwili huchanganya hata wenye uzoefu. Cha kwanza ni ngiri ya kitovu au ya kinena: uvimbe laini unaorudi ndani ukiusukuma. Huo usichomwe sindano, kwa sababu ndani yake huweza kuwa na utumbo. Cha pili ni mitoki. Tezi za chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti zikivimba zote kwa pamoja, tatizo haliko kwenye ngozi. Huku kwetu mara nyingi ni ugonjwa wa kupe, au nagana kwa mbwa anayetoka maeneo yenye mbung'o, lakini pia ni dalili ya kawaida ya limfoma, saratani ya tezi zenyewe. Kipimo cha damu na sindano kwenye tezi ndivyo hutofautisha.

Kivimbe ni laini, kinateleza chini ya ngozi, mbwa anakula na kucheza. Si ni mafuta tu?

Huenda. Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, ni wa kawaida sana kwa mbwa wazee na wanene, hasa kifuani, ubavuni na kwapani. Hauhitaji kukatwa isipokuwa ukizuia mguu kutembea au ukiwa mkubwa hadi unavutana na ngozi.

Tatizo ni kwamba uvimbe wa seli za mast, ambao ndio saratani ya ngozi inayoonekana zaidi kwa mbwa, nao huweza kuwa laini, ukateleza na kukaa miezi bila kumsumbua. Vidole vya daktari, hata awe na miaka 30 kazini, haviwezi kuona seli. Sindano inaweza, na ni kazi ya dakika 10.

Hiyo sindano ya uchunguzi inafanywaje? Inahitaji nusu kaputi?

Haihitaji nusu kaputi, na kwa kawaida hata ganzi haihitajiki. Maumivu yake ni kama ya chanjo. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa bandeji.

Vifaa ni sindano namba 22 au 23 (ya 23 ni ile yenye kichwa cha bluu), bomba la mililita 5, vioo vya hadubini 4 hadi 6, na penseli ya kuandika jina kwenye ncha ya kioo, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye dawa ya rangi. Ngozi inapanguswa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Daktari anakibana kivimbe kati ya vidole viwili, anachoma sindano tupu bila bomba, na kuichezesha mbele na nyuma mara 5 hadi 8 ndani ya uvimbe bila kuitoa, akibadili mwelekeo. Akishaichomoa, anavuta hewa kwenye bomba, anaifunga sindano, anapuliza kilichomo katikati ya kioo. Kioo cha pili kinalazwa juu yake na kuteleza kwa uzito wake chenyewe. Kisha kinakaushwa kwa hewa.

Kazi huharibika kwa njia hizi. Akikandamiza kioo cha pili, seli zinapasuka na kinachobaki ni utando wa zambarau usiosomeka. Akichoma katikati ya uvimbe mkubwa, anapata nyama iliyokufa. Achome pembeni, sehemu tatu tofauti. Akivuta kwa nguvu, anapata damu tupu. Vioo vikiwekwa mfuko mmoja na chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, mvuke wake huharibu rangi hata kama chupa imefungwa vizuri, na hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Vioo visiingie friji pia, vinatoa jasho.

Uvimbe mgumu usiotoa kitu kwa njia hii uvutwe kwa bomba, na mvuto uachiwe kabla sindano haijatoka. Kama bado hakuna seli, kikatwe kipande kidogo kwa ganzi.

Vioo vinasomwa wapi?

Daktari mwenye hadubini anaweza kusoma vya kwanza hapo hapo. Kioo kinachong'aa kwa mafuta na kukataa kukauka kinaelekea kuwa lipoma, ila akitazame kabla ya kukitia methanoli, spiriti ya kushikiza seli kwenye kioo, kwa kuwa methanoli huyaosha mafuta na kuacha kioo kitupu.

Rangi ya kutumia ni Giemsa, ile ile ya kupimia malaria, kwa hiyo haikosekani mjini. Kioo kinatiwa methanoli, kisha Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15. Seli za mast huonekana za mviringo, zimejaa punje za zambarau kama ulezi uliomwagika. Zile rangi za haraka za kuchovya wakati mwingine hazizipaki punje hizo, na msomaji asiyelijua hilo huandika kwamba hakuona kitu.

Kwa msaada zaidi, Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ana kituo Arusha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, ndicho chenye wataalamu wa patholojia ya wanyama. Piga simu kabla ya kutuma chochote, uulize kama yupo wa kusoma wiki hiyo na wanataka vioo vilivyopakwa rangi au vikavu.

Majibu yanasema ni seli za mast. Maana yake nini?

Seli za mast ni askari wa kinga wanaobeba histamini, kemikali inayoleta uvimbe na wekundu. Zikigeuka saratani hubeba histamini nyingi mno, na uvimbe ukiminywa humwaga. Ndiyo sababu huvimba ghafla, huwa mwekundu, kisha hunywea siku ya pili na mwenye mbwa akadhani umepona. Histamini hiyo pia huchochea tindikali tumboni. Mbwa hutapika, hukataa chakula au hutoa kinyesi cheusi kama lami. Ukishajua ndio huo, usiuminye wala usimwachie mtoto auchezee.

Boxer, Pug, Labrador na Golden Retriever hupata zaidi, lakini mbwa wa kienyeji hajasamehewa.

Kabla ya upasuaji mbwa anapewa dawa ya kuzuia histamini na omeprazo 1 mg kwa kilo kwa siku. Daktari anachoma sindano pia kwenye tezi iliyo karibu na uvimbe, hata kama haijavimba, kwa sababu huko ndiko saratani hii hupita kwanza. Prednisoloni, dawa ya steroidi, 1 mg kwa kilo kwa siku, kwa wiki moja au mbili, huweza kuupunguza uvimbe mkubwa ukakatika kirahisi.

Lakini prednisoloni au steroidi nyingine kama deksamethasoni isitangulie sindano ya uchunguzi. Kuchoma deksamethasoni kwenye kivimbe kisichojulikana ni desturi mbaya: kinanywea, kila mtu anafurahi, na baada ya miezi kinarudi, safari hii vioo vikiwa vigumu kusoma. Limfoma ikianza kwa namna hiyo hujibu tiba vibaya zaidi baadaye.

Nyama ikishatoka, maabara hutoa daraja, yaani kiwango cha ukali wa saratani. Mfumo wa zamani wa mwaka 1984 una madaraja matatu, ule wa 2011 una mawili tu, la chini na la juu. Ripoti nzuri hutaja yote. Uvimbe wa daraja la chini uliokatwa wote, mara nyingi habari yake huishia hapo. La juu hurudi na kusambaa, na hapo hufikiriwa dawa ya saratani, vinblastini, 2 mg kwa mita ya mraba ya mwili pamoja na prednisoloni, damu ikipimwa kila mara kabla ya sindano.

Vivimbe gani vingine huonekana?

Vinyama kama maua ya koliflawa kwenye kichwa, kope na mgongo wa mbwa mzee, vinavyotoa uji wa mafuta, kwa kawaida ni tezi za mafuta ya ngozi zilizokua. Havina hatari. Vikatwe tu kama anavikwaruza au mkasi wa kunyolea unavikata kila mara.

Kivimbe kigumu karibu na tundu la haja kubwa kwa dume ambaye hajahasiwa mara nyingi ni uvimbe usio saratani unaolishwa na homoni ya kiume. Ahasiwe, vidogo hunywea vyenyewe ndani ya miezi michache. Wenye mbwa wengi hukataa kuhasi kwa hofu kwamba mbwa ataacha ulinzi. Hataacha. Lakini kivimbe kama hicho kwa jike, au kwa dume aliyehasiwa, kitazamwe kwa shaka.

Kivimbe cheusi kwenye ngozi yenye manyoya mara nyingi si kibaya. Cheusi hicho hicho kikiwa mdomoni au kwenye shina la kucha ni melanoma kali, saratani ya seli za rangi, hadi ithibitike vinginevyo.

Vidole vinahitaji maneno zaidi. Mbwa mkubwa mweusi mwenye kidole kimoja kilichovimba, kucha imelegea au imeanguka, hutibiwa kwa viuavijasumu miezi mitatu kama kucha iliyooza. Kumbe ni karsinoma, saratani ya ngozi, inayokula mfupa. Kidole ambacho hakijapona kwa wiki 3 za dawa kipigwe picha ya eksrei. Mfupa wa ncha ukiwa umeliwa, kidole chote kinakatwa, na mbwa hutembea vizuri tu na vidole vilivyobaki.

Sarkoma ya nyama laini, yaani saratani ya nyama za chini ya ngozi, ni ngumu, hukua polepole, na ina ganda la uongo. Mpasuaji anaiona inamenyeka kama yai lililochemshwa, anafurahi, anafunga. Lile ganda lenyewe ni saratani iliyobanana, na mizizi imebaki nje yake. Hurudi ndani ya miezi, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Matiti ya jike ambaye hajatolewa kizazi: karibu nusu ya vivimbe vyake ni saratani. Vyote vitolewe vikiwa chini ya sentimita 3. Titi lililovimba lote, likawa jekundu na la moto bila jike kunyonyesha, lisikimbiliwe kwa kisu kabla ya uchunguzi, maana huenda ni aina ambayo kisu huizidisha. Kumtoa kizazi kabla ya joto la kwanza huzuia karibu yote haya. Baada ya joto la pili faida hiyo imeshapungua sana.

Tumbo lake jeupe lina mabaka mekundu yenye magaga. Ni ukurutu?

Arusha ipo mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na mbwa mweupe anayelala chali juani hupigwa hasa pale pasipo na manyoya: tumbo, kinena, ncha ya pua. Ngozi huanza kuwa nyekundu, ikawa nene, ikatoa magaga na vidonda visivyopona. Hiyo ni njia ya karsinoma ya ngozi. Vidoti vyekundu au vya zambarau kama damu iliyovilia mahali hapo hapo ni vya mishipa ya damu, navyo vichunguzwe.

Akae kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Usimpake mafuta ya jua ya binadamu yenye zinki. Atayalamba, na zinki huvunja chembe nyekundu za damu.

Ana nyama nyekundu inayovuja damu sehemu za siri, na sasa puani.

Huo ni uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana, kunusana na kulambana, na huku kwetu ambako mbwa wengi hutembea ovyo upo kila mtaa. Seli zenyewe za saratani ndizo huhama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Kioo cha hadubini kinautambua kirahisi: seli za mviringo zenye mapovu meupe.

Hii ni saratani yenye tiba nzuri, kwa hiyo usikubali mbwa auawe kwa ajili yake kabla ya kujaribu. Dawa ya saratani, vinkristini, 0.5 hadi 0.7 mg kwa mita ya mraba ya mwili inachomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na inaendelea hadi uvimbe usionekane kabisa. Mita za mraba hupatikana kwa uzito: mbwa wa kilo 10 ana 0.47, wa kilo 20 ana 0.74. Kwa hiyo wa kilo 20 hupata kati ya 0.37 na 0.52 mg. Chupa nyingi zina 1 mg kwa mililita, hivyo ni mililita 0.37 hadi 0.52. Atumie bomba la mililita 1. Kukosea nukta hapa kunaua.

Dawa ipite kwenye kanula iliyojaribiwa kwanza kwa maji ya dripu. Tone likivuja nje ya mshipa, nyama ya mguu huoza. Chembe nyeupe za damu zihesabiwe kabla ya kila dozi. Zikiwa chini ya 4,000 kwa mikrolita, dozi isogezwe siku 3 au 4 na ipunguzwe robo. Kwa siku mbili baada ya sindano shika mkojo, matapishi na kinyesi chake kwa glavu. Mjamzito asivishike kabisa.

Kisu peke yake kwa uvimbe huu ni kazi bure; hurudi.

Upasuaji mzuri wa kivimbe cha ngozi ukoje?

Muulize daktari mambo mawili: atakata umbali gani kutoka kwenye uvimbe, na atashuka hadi wapi. Kwa seli za mast na sarkoma, jibu ni sentimita 2 hadi 3 za ngozi nzima kila upande, na tabaka moja la utando wa misuli chini yake. Kovu linakuwa refu kuliko unavyotegemea, na ndivyo inavyotakiwa. Lipoma haihitaji hayo.

Kabla yake damu ipimwe: wingi wa damu, chembe sahani (zinazogandisha damu), kreatinini ya figo na ALT ya ini. Kioo cha damu kitazamwe pia kwa magonjwa ya kupe. Mbwa mwenye erlikia, mmoja wa magonjwa hayo, huonekana mzima, kumbe chembe sahani zimeshuka na atavuja damu mezani. Kama uvimbe ni saratani, kifua kipigwe eksrei mara tatu: ubavu wa kulia, wa kushoto, na chali au kifudifudi. Picha moja huficha nusu ya mapafu.

Chakula aache saa 8 kabla, maji aachiwe hadi sindano ya kwanza. Mchanganyiko wa dawa za usingizi zailazini na ketamini unaotumika sana huku ni wa kuogopwa kwa mbwa mzee, kwa sababu zailazini hupunguza sana mapigo ya moyo. Kama kuna propofoli na gesi ya isoflureni, lipia tofauti hiyo. Awe na kanula, dripu, na kitu cha kumtia joto. Asubuhi za Julai Arusha mbwa mzee hupoa mezani haraka na kuchelewa kuamka.

Kivimbe kidogo huweza kutolewa kwa ganzi ya lidokaini peke yake. Kikomo cha tahadhari ni 4 mg kwa kilo. Mbwa wa kilo 20 ni 80 mg, yaani mililita 4 za lidokaini ya asilimia 2. Ganzi izunguke uvimbe, isichomwe ndani yake.

Nyama iliyotolewa ipelekwe maabara hata kama daktari ana uhakika?

Ndiyo. Uvimbe uliotupwa kwenye ndoo hauwezi kuulizwa swali miezi sita baadaye.

Chupa iwe ya mdomo mpana, kwa kuwa nyama hugandamana na kuwa ngumu. Iliyoingia kwa kusukumwa haitoki. Formalini ya dukani ni ya asilimia 37 hadi 40: changanya mililita 100 na mililita 900 za maji, ongeza gramu 4 za sodiamu fosfeti ya asidi (NaH2PO4) na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti ya pili isiyo na maji (Na2HPO4), ili isichafue seli kwa rangi ya kahawia. Kwa kila sehemu moja ya nyama weka sehemu 10 za dawa hiyo. Kipande kinene kipasuliwe kama mkate kila sentimita 1 bila kukitenganisha, la sivyo katikati kitaoza kabla dawa haijafika. Uzi mmoja wa kushonea uachwe upande wa kichwa cha mbwa, ili wakisema saratani imegusa ukingo, mjue ni ukingo upi.

Andika jina kwenye chupa, si kwenye kifuniko. Ikae saa 24 hadi 48, kisha isafiri ikiwa imefungwa mifuko miwili yenye pamba ndani. Isigandishwe, isiwekwe kwenye spiriti wala chumvi.

Nyumbani nifanye nini baada ya upasuaji?

Asilambe. Kama hakuna kola ya plastiki, ndoo ya lita 10 iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha shingo, kingo zikavalishwa kitambaa, inafanya kazi. Atembee kwa kamba tu, na mbwa wa ulinzi apumzike zamu wiki mbili nzima. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14.

Adui mkubwa ni inzi. Kidonda kilicho wazi mchana mmoja huwa na funza ndani ya siku mbili, kwa hiyo alale ndani au chini ya chandarua. Safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa kwa nusu lita. Spiriti na haidrojeni peroksidi huunguza nyama changa. Uvimbe wa maji chini ya mshono bila joto wala harufu kwa kawaida hunyonywa wenyewe. Harufu, usaha au mshono kufunguka ni kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Naweza kumpa diklofenaki ya kwangu kwa maumivu?

Hapana, wala ibuprofeni. Zote mbili hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Meloksikamu ya mbwa hutolewa 0.2 mg kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku, pamoja na chakula. Kamwe isichanganywe na prednisoloni.

Kuchoma kwa chuma cha moto, oili chafu, maji ya betri au kufunga uzi?

Kufunga uzi kumeshawahi kudondosha kinyama chenye shina jembamba, hilo hatulikatai, ingawa kidonda chake huvutia inzi na nyama haipimwi. Mengine yote huchoma ngozi ya juu na kuacha mizizi. Oili chafu, wanayopakwa mbwa wengi kwa ukurutu, hulambwa na kumwingia tumboni. Na ukichoma uvimbe wa seli za mast, histamini yote inatoka kwa mkupuo. Mbwa anaweza kuzimia hapo hapo.

Ana miaka 13. Kuna maana kumpasua?

Umri wenyewe haumzuii mbwa. Figo, moyo na mapafu ndivyo huzuia, na hivyo vinapimika. Mbwa wa miaka 13 mwenye damu nzuri na kivimbe cha sentimita 2 mguuni ni rahisi kumpasua leo kuliko miezi minne ijayo, pale ngozi ya mguu haitatosha kufunga. Kama saratani imeshafika mapafuni, kumpasua ni kumwongezea kidonda, isipokuwa uvimbe umeoza na kumtesa.

Inaambukiza watoto?

Hapana, hata ule wa kupandana. Ni wa mbwa kwa mbwa.

Nitajuaje wakati wa kumpumzisha umefika, na mwili nifanyeje?

Hesabu siku, usihesabu matumaini. Kwenye kalenda ya ukutani weka alama kila siku aliyokula mwenyewe, akasimama mwenyewe, akakupokea getini. Siku mbaya zikizidi nzuri kwa wiki mbili mfululizo, mwite daktari nyumbani. Mbwa atulizwe kwanza kwa dawa ya usingizi, ndipo ichomwe pentobabito kwenye mshipa. Moyo husimama kwa dakika chache.

Mzoga wenye pentobabito ni sumu kwa mbwa wengine, tai na korongo watakaoula, na dawa hiyo haiishi upesi ardhini. Uzikwe siku hiyo hiyo, shimo la mita 1 na nusu, mbali na kisima na mfereji, mawe yawekwe juu kabla ya kufukia ili fisi au mbwa wa jirani wasifukue. Usiutupe jalalani.